Hodi Mwezini

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nimeanza kuandika kwa sababu Injinia Kipkemoi amelazimisha. Kila atakayeingia kwenye Nyumba ya Mwezi lazima aweke shajara, eti watakaotufuata wajue tulivyojisikia. Haya basi. Mimi ni Dorcus Otiende, nesi, mzaliwa wa Yala, na nimefanya kazi kwenye zahanati ya shamba la chai hapa Kericho tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba. Ninavyojisikia: ninajisikia mjinga.

Mpango wenyewe ni huu. Kuna kamati ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, inayotaka kuanzisha kituo cha kuwafunza watu wetu kuishi mwezini. Wanasema siku mataifa makubwa yatakapojenga makazi kule, sisi tusifike tukakuta viti vyote vimekaliwa. Kituo kitakuwa kimoja tu, na mahali pawili panakigombea: hapa kwetu, na kwingine ng'ambo ya mpaka. Kila upande utafanya jaribio. Watu wanne wanafungiwa ndani ya nyumba mwezi mzima, wanakula wanachopanda, wanakunywa maji yaleyale yakichujwa, na mlango haufunguliwi hata mara moja. Watakaoshindwa, mradi wao unafungwa.

"Sista, nataka nesi ndani," Injinia aliniambia leo. "Mtu akigonjeka huko, daktari hawezi ingia."

"Kwani mwezini kuna malaria?"

"Hapana."

"Sasa mnanitakia nini?"

Akacheka. Ana meno mazuri na viatu vilivyotoboka. Alisomea ng'ambo, akarudi kwao Sosiot na sanduku la vitabu, na nasikia mamake bado anamwombea kanisani apate kazi.

Nimekubali. Sijui kwa nini. Labda nimechoka kupima joto la watu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeiona nyumba. Ni lile jumba la zamani la kunyausha majani ya chai, kando ya kiwanda kilichofungwa. Wameziba madirisha kwa nailoni na lami, wakaacha moja tu la kioo. Lile feni kubwa lililokuwa likikausha majani sasa linasukuma hewa ndani kupitia kichungi, ili hewa ya ndani iwe nzito kidogo kuliko ya nje.

Phelix, fundi wa boila, ametengeneza kipimo: mrija wa kioo uliopindwa, ndani yake kuna chai ya rangi iliyopoa, kwa sababu maji matupu hayaonekani vizuri. Nyumba ikivuja, chai inashuka. Ikishuka chini ya alama nyekundu, nyumba imekufa na sisi tunahesabiwa maiti. Hewa ya kupumua itakuwepo, lakini kwenye karatasi tutakuwa tumezikwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Wenzangu ni hawa. Mwalimu Tecla Chepkosgei wa Sigor, wa fizikia, ndiye nahodha. Mrefu, hacheki, na mtu akichelewa kidogo tu anapinda midomo. Phelix wa Muhoroni nimeshamtaja. Huyo mdomo wake haujui Jumapili. Jairus ametoka Mbale, Uganda, ni mtaalamu wa mimea, mpole, na Kiswahili chake kinaokota maneno popote kinapoyakuta.

Leo tumechuma chai tukiwa tumevaa glavu za kuchomelea vyuma. Injinia anasema mavazi ya mwezini yana vidole vinene hivyo, na anayeweza kuchuma majani mawili na chipukizi kwa glavu hizo anaweza kufunga skrubu yoyote kule. Wachumaji wa kweli waliacha vikapu wakaja kututazama. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilichuma matawi mazima, Jairus akang'oa kichaka.

Tecla alichuma majani mawili na chipukizi. Moja baada ya lingine, bila kuinua macho. Simpendi huyu mwanamke.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni El Nino. Lori la chai limekwama kwenye mteremko na majani yameozea juu yake. Harufu yake inafika mpaka chumbani kwangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumeingia. Pasta aliomba, Injinia akalia kidogo, mlango ukafungwa kwa komeo la chuma. Chai kwenye mrija imepanda ikatulia. Tunazungumza na Injinia kwa simu ya waya.

Mama Rodah, jirani anayetuletea maziwa, alisimama kwenye matope nje akitupungia kana kwamba tunapanda meli. Nyumba yake iko hapo chini karibu na kijito. Ni mjane, na ana ng'ombe mmoja anayemsifu kuliko watoto wake.

Jumatano, 5 Novemba

Sukuma wiki ya Jairus imeota kwenye magunia. Phelix na Tecla wamegombana kuhusu maji ya kunyolea ndevu. Nimepima wote: presha nzuri, hasira nyingi.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumekufa.

Nitaeleza pole pole maana bado siamini. Tumeshavumilia giza, kiu, maharagwe ya kila siku na nyimbo za Phelix. Tumefunzwa moto ukiwaka tufanye nini, mtu akizirai tufanye nini. Asubuhi tukiwa tunakunywa uji, mvua ikipiga bati, tukasikia nje:

"Hodi! Hodi hapa!"

Na sisi wote wanne, kwa sauti moja, pamoja na nahodha, tukaitikia: "Karibu!"

Phelix alikuwa karibu na mlango. Hakufikiri. Aliinuka na kikombe mkononi, akavuta komeo, akafungua. Mama Rodah alikuwa amesimama pale, gunia kichwani, mtungi wa maziwa mkononi, akatusalimu kwa lugha yao akitabasamu.

"Chamgei! Nimeleta masiwa. Nimeona nyinyi nakaa siku mingi bila masiwa."

Hewa ilitoka kwa kishindo, chai ikashuka chini kabisa ya mrija. Jairus alishika kichwa. Phelix alitazama komeo, akatazama mkono wake.

"Ai," akasema. "Si mtu amebisha?"

Mama Rodah alipoelezwa, alikasirika yeye. "Mimi napisha hodi, nyinyi nafungua. Makosa iko wapi? Kwani huko mwesi watu hawana jirani?"

Injinia alifika mbio amelowa. Alitazama mrija kwa muda mrefu, akachukua chaki akaandika ubaoni: WOTE WAMEFARIKI. Halafu akaketi juu ya gunia la sukuma wiki, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Nilimwonea huruma sana. Tuliyanywa yale maziwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Profesa Mlay, mwenyekiti wa kamati, amepiga simu kutoka Moshi. Kwa kuwa wale wa ng'ambo hawajaanza, tumepewa nafasi nyingine moja, ya mwisho. Mlango ukifunguliwa tena, tufunge virago.

Tecla alikuja kuniambia mwenyewe. Amejiuzulu shuleni kwa ajili ya mradi huu, na nafasi yake imeshapewa mtu. Alilisema hilo akikunja taulo, bila kuniangalia.

Alhamisi, 4 Desemba

Mafunzo mapya: kutofungua. Kila siku Injinia anawatuma watu waje kubisha. Mlinzi, fundi seremala, shemeji yake. Wanabisha hodi na sisi tunakaa kimya. Mara ya kwanza Phelix aliikalia mikono yake. Jairus aliziba masikio kwa pamba yangu ya zahanati. Tecla alitupa maneno ya kusema moyoni: mlango ni ukuta, mlango ni ukuta.

Tunaweza sasa. Leo wamebisha mara tatu na hakuna aliyenyanyua kichwa. Injinia alipiga makofi.

Mimi nilikwenda nyuma ya jumba nikatapika.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia Injinia siendelei. Tulikuwa chini ya kibanda cha kupimia chai, mvua inamwagika pande zote, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

"Sista, kila mtu anajua ni ngumu," alisema. "Lakini mwezini ukifungua mlango watu wote wanakufa. Hiyo ni fizikia, si roho mbaya."

Nikamwambia jambo ambalo huwa silisemi. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya kikabila, dada yangu alikimbia kutoka upande wa Fort Ternan na watoto wawili. Alibisha milango. Alisikia watu ndani wakipumua. Kila mlango ulikuwa ukuta. Mpaka akafika kwa mama mmoja Mkipsigis ambaye hakumjua, na yule mama akafungua, akamficha chini ya mahindi siku nne. Dada yangu yuko hai Yala leo, ananuna na kunenepa.

"Wewe unanifunza niwe wale wa milango mingine," nikasema. "Mimi sitaki kwenda mwezini kuwa hivyo. Heri nibaki nipime malaria."

Yeye akaanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la mizani. Nyumba. Mlango. Nje ya mlango, kijumba kidogo chenye mlango wa pili.

"Hii inajulikana," alisema. "Mgeni anaingia hapa, tunafunga nyuma yake, tunamletea hewa pole pole, ndiyo tunafungua ya ndani. Iko kwa mpango wa mwaka kesho. Nilijiambia kwa jaribio haina kazi, kwa sababu hakuna mtu atakuja."

"Hakuna mtu atakuja? Na Mama Rodah je?"

Akacheka na kufuta macho kwa mkono uleule wenye vumbi, na uso wote ukawa mweusi.

Ijumaa, 12 Desemba

Wanajenga kijumba. Mabati ya kiwanda cha zamani, mpira wa matairi kwenye kingo. Injinia ameonya: ni cha maonyesho tu kwa kamati. Sheria haijabadilika. Tukikitumia kabla ya mwezi kwisha, tumefungua mlango.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumepiga kura ya rais. Foleni ndefu, mvua, kiatu changu kimoja kimebaki matopeni Kericho.

Alhamisi, 8 Januari 1998

Watu wa kwetu wanaulizana chini chini kama wafungashe, vita vya tisini na mbili visije vikarudi. Kila redio ina habari mbaya ya sehemu fulani. Mama Rodah alikuja zahanati bila kuumwa, akakaa kwenye benchi mpaka nilipofunga. Nilipomuuliza anataka nini, alisema amekuja tu kukaa na mimi. Tulitembea pamoja mpaka mlangoni kwangu, yeye mbele.

Jumatatu, 19 Januari

Tumeingia tena. Safari hii hakuna aliyelia.

Ijumaa, 23 Januari

Sukuma wiki na maharagwe.

Jumanne, 27 Januari

Sukuma wiki na maharagwe. Nimemkuta Tecla amelala na glavu za kuchomelea mikononi. Kumbe hufanya mazoezi sisi tukiwa tumelala. Nilifikiri vidole vyake vilizaliwa hivyo.

Jumapili, 1 Februari

Mvua haijakata tangu Ijumaa. Simu imekufa. Dirishani tunaona kijito kimekuwa mto mwekundu. Injinia alikwenda mjini jana kutafuta dizeli ya jenereta na nadhani amefungiwa huko, maana daraja silioni tena.

Jumanne, 3 Februari

Saa tisa mchana ardhi ilitikisika. Haikuwa radi. Phelix alikimbilia dirishani na kusema kilima kimeshuka. Ukingo wote wa chini, na migomba, na pale palipokuwa na nyumba ya Mama Rodah palikuwa na udongo tu.

Tecla alisogea kwenye kioo akaweka paji la uso pale. Mimi nilianza kuomba, lakini maneno hayakufika mwisho.

Sijui ulipita muda gani. Kisha tukasikia, hafifu, upande wa kijumba cha mabati:

"Hodi."

Hakuna aliyeitikia. Nataka niandike hili vizuri kwa sababu ndilo linaloniuma. Mimi niliyebishana na Injinia, mimi niliyetapika, nilikaa. Mlango ni ukuta, ilisema akili yangu, yenyewe, kama mashine. Nilifikiria kamati. Nilifikiria zile wiki zote za maharagwe. Miguu yangu haikuinuka.

"Ni jaribio," Jairus akanong'ona. "Pengine wametumana mtu, banatuangalia."

"Ni Mama Rodah," alisema Phelix kutoka dirishani. "Na ako na ndama."

Tulimtazama nahodha. Yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi wote. Alikuwa ameshika kile kitabu cha sheria cha kamati, kidole chake katikati ya kurasa. Akakiweka juu ya gunia.

"Karibu, Kogo!" akapaza sauti. Kogo ni bibi, kwa lugha yao. "Ngoja kidogo, tunafungua!"

Halafu akageuka, na sura yake sikuwa nimewahi kuiona. "Phelix, koki ya hewa. Jairus, simama kwa mrija, usome kwa sauti. Sista, blanketi na maji moto. Nani amesimama tu?"

Akavuta waya unaofungua mlango wa nje wa kijumba. Tulisikia mvua, halafu Mama Rodah akigomba. Hakuwa anatugomba sisi. Ndama alikataa kuingia.

"Kogo, mwache huyo! Ingia wewe!" Phelix alipiga kelele.

"Nimwache? Ng'ompe mkubwa imeenda na maji! Huyu ndiyo nimepaki naye! Kama yeye haingii, na mimi siingii!"

"Kijumba ni cha mtu mmoja!"

"Basi mimi ni mnene!"

Sukuma, vuta, mpaka mlango wa nje ukabana mkia wa ndama, ukafunguliwa tena, ukafungwa. Tecla aliusikiliza mpira ukishika. Akamwashiria Phelix kwa kichwa aanze.

Phelix akafungua koki, kidogo kidogo. Hewa yetu ikaanza kuingia kule kwa mlio mwembamba. Jairus akasoma.

"Inashuka. Inashuka. Vidole vitatu juu ya nyekundu. Viwili. Mungu wangu. Kimoja na nusu. Kimoja."

Feni lilikuwa likinguruma, na mimi nililiomba feni lile, naandika bila aibu, nililiita baba.

"Kimoja," alisema Jairus. "Kimoja. Imesimama. Imesimama, nyabo mwalimu! Inapanda!"

Tecla alingoja mpaka pande zote mbili ziwe sawa. Ndipo alipovuta mlango wa ndani. Mama Rodah akaingia, matope mpaka kwenye nyusi, akimvuta ndama kwa kitambaa chake cha kichwa. Alitutazama mmoja mmoja.

"Kongoi," akasema. Asante. Akakaa chini juu ya matope yake mwenyewe, nami hatimaye nikainuka.

Hana mfupa uliovunjika. Ana mchubuko begani na baridi kali. Nimemkanda kwa maji moto akiwa analilia nyumba yake, kisha ng'ombe wake, kisha sufuria moja aliyopewa siku ya harusi. Upande huu wa kijito hakuna paa jingine lililobaki zaidi ya hili letu. Tecla amesema atakaa nasi mpaka mwisho, na kila kitu kigawanywe upya kwa watano.

"Tumeshindwa, sivyo?" nilimuuliza tukiwa peke yetu.

"Tumeshindwa," alisema. Safari hii hakupinda midomo. Nilimkumbatia. Mifupa mitupu, huyu mwanamke. Nilimwambia mimi sikuinuka, na yeye akasema alijua, aliniona, na kwamba yeye mwenyewe alisimama tu kwa sababu alikuwa tayari wima.

Alhamisi, 5 Februari

Ndama amekula gunia zima la sukuma wiki. Jairus amelia.

Jumamosi, 7 Februari

Hakuna kuoga. Maji ya kuoga ni ya ndama. Mama Rodah anataka kuwasha moto wa kuni katikati ya nyumba, anasema chakula cha stima hakina ladha. Tumemweleza kuhusu hewa. Amesema mwezini ni pahali pa watu maskini sana.

Jumatano, 11 Februari

Tumepungua uzito wote, isipokuwa ndama. Phelix ameacha kuimba. Mama Rodah ndiye anayeimba, nyimbo za kanisa, alfajiri, bila kuchoka. Jairus amepanda upya na mbegu zimetoka. Leo alimwonyesha Mama Rodah jani la kwanza naye akampigia makofi. Nikapima presha zetu. Ni nzuri kuliko zilivyokuwa Novemba, na sina maelezo ya kitabibu.

Jumamosi, 14 Februari

Jua!

Jumatano, 18 Februari

Mlango umefunguliwa kwa ruhusa. Injinia alikuwa nje na Profesa Mlay na wajumbe wawili, wote wamevaa viatu vya mpira. Daraja la magogo limejengwa wiki hii. Injinia alikuwa amekonda kuliko sisi. Alikuwa ameambiwa mjini kwamba kilima kimeshuka na hakujua kimeshukia nani.

Tukatoka. Profesa alikuwa na kalamu, akituhesabu. Tecla, Phelix, Jairus, mimi. Akafunika kalamu. Ndipo Mama Rodah akatokea akikinga macho na jua, na nyuma yake ndama, mnene, mwenye mkia uliopinda.

Profesa akafunua kalamu tena.

Tecla hakungoja kuulizwa. Alisema yote, wima, pamoja na saa, pamoja na kipimo kilifika wapi. "Uamuzi ulikuwa wangu. Hawa wengine walifuata amri."

"Uongo," alisema Phelix. "Mimi ndiye nilifungua koki."

"Na mimi nilisoma mrija," alisema Jairus.

Nikataka kusema kitu changu. Nilikuwa nimeleta blanketi. Nikasema hilo.

Ijumaa, 20 Februari

Kamati imekaa siku mbili kwenye ofisi ya kiwanda cha zamani. Leo mchana wametuita. Injinia alivaa tai. Mama Rodah alikuja bila kuitwa, akaketi mstari wa mbele.

Profesa Mlay ni mtu wa sauti ndogo na Kiswahili kilichonyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Alisoma kutoka kwenye karatasi. Sharti la jaribio lilikuwa mlango usifunguliwe kwa mwezi mmoja. Mlango ulifunguliwa. Kwa hiyo jaribio la Kericho limeshindwa. Wenzetu wa ng'ambo walimaliza jaribio lao Januari na mlango wao haukufunguliwa hata mara moja. Wao wamefaulu.

Nilimsikia Tecla akivuta pumzi, mara moja, kama mtu aliyedungwa sindano. Injinia alianza kulegeza tai. Nilijua ingekuwa hivyo na bado iliniuma ajabu. Miezi mitano iliyopita niliona mambo haya ni upuuzi mtupu. Leo nilitamani kulala chini nilie.

Profesa akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Sasa naomba niseme lisiloandikwa," alisema. "Mkuu wa jaribio anaruhusiwa kukagua bila taarifa. Siku ya kumi nilikwenda kule, gari likakwama, nikatembea saa nzima kwenye mvua. Na wao walikuwa na kijumba kama chenu, kizuri zaidi. Nikabisha hodi. Nikabisha tena. Niliwaona dirishani, na wao waliniona. Walikuwa wanakula. Mmoja alinitazama, akasogeza kiti chake, akanipa mgongo."

Alikohoa ndani ya leso.

"Walifanya sawasawa na tulivyowaagiza. Siwalaumu hata kidogo. Nilipata nimonia, nikalazwa, na huko hospitalini nilikuwa na muda wa kufikiri. Nina binti wa darasa la sita. Kila siku ananiambia ataishi mwezini. Nilijiuliza, siku atakayopotea huko nje, hewa inamwishia, afike penye taa, abishe. Ningependa ndani wawe wamefunzwa na nani?"

Alivua miwani.

"Tumepiga kura. Kituo kitajengwa hapa. Wale wenzenu wanne watakuwa wanafunzi wenu wa kwanza, wamekubali kuja. Mwalimu Chepkosgei, tunaomba uwe mkuu wa mafunzo."

Tecla aliketi sakafuni, pale pale, nahodha wetu, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto, na Injinia akaketi kando yake na tai yake shingoni nusu. Phelix alikuwa akimpiga Jairus mgongoni mpaka akakohoa. Mama Rodah aliniuliza wamesema nini, maana Kiswahili cha yule mzee hakikumwingia vizuri. Nikamweleza.

"Basi mimi ndiye nimeleta hiyo kituo," alisema, na hakuna aliyempinga.

Jumamosi, 21 Februari

Watu wa kanisa lake wamempandishia Mama Rodah kuta za nyumba mpya juu kidogo ya kilima. Phelix ameezeka.

Tecla ameanza kuandika kanuni za mafunzo kwa ajili ya wanafunzi watakaokuja kutoka nchi zote tatu. Zinahusu hewa, maji, moto, mbegu, ugonjwa, ugomvi. Ameandika ukurasa mzima lakini ile ya kwanza ameiacha wazi. Alinisukumia karatasi mezani, akasema hiyo niiandike mimi. Nilikataa, akapinda midomo, nikashika kalamu. Nimeketi nayo tangu chai ya saa nne.

Nimeandika hivi: Nyumba yoyote ya mwezini, hesabu hewa, maji na chakula vya watu waliomo, kisha uongeze vya mtu mmoja ambaye bado hajafika.